Ala Isiyo na Bastola

Mgeni akiingia mtaani kwetu huulizwa maswali mawili kabla hajamaliza kikombe chake cha kahawa. La kwanza: mtu wa wapi? La pili: wa nani? La kwanza hujibiwa kwa jina la mji au kisiwa, na muulizaji huridhika kwa muda. La pili ndilo zito. Ukishasema wewe ni wa fulani bin fulani umeingia katika deni. Watu wanajua wakusalimie vipi, wakuamini kwa kiasi gani, na likikufika la kukufika wampelekee nani khabari. Kwa siku nyingi nilidhani maswali haya ni ya wanaadamu peke yao. Kitu kimoja kilichomo nyumbani kwetu kimenionesha kwamba hata vyombo huulizwa, na kwamba wako watu ambao swali la kwanza wamelifanya elimu kamili yenye vitabu vyake na mabingwa wake. La pili wengi wao wameliacha nje ya mlango.

Kitu chenyewe ni ala ya bastola. Imo katika kasha la shangazi yangu, imefungwa kwa kanga kuukuu pamoja na vyeti na picha za marehemu. Aliileta babu kutoka vitani. Babu alizaliwa pwani ya Tanga, akaandikishwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu waliliita Keya, na mwaka 1944 akapelekwa Burma, nchi ambayo leo ni Myanmar, pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Aliporejea alivuka kuja Unguja kutafuta kazi bandarini, akaoa, akazaa, akafariki kabla mimi sijapata akili ya kumwuliza lolote la maana. Bastola haikuja naye. Ilikuja ala, na ikaja hadithi.

Hadithi inasema kwamba katika bonde la Kabaw, katikati ya masika ya huko, babu alikutana uso kwa uso na ofisa wa Kijapani kwenye kichaka, na akamwahi. Bastola ilichukuliwa na wakubwa, yeye akabakishiwa ala. Nimeisikia hadithi hii harusini na matangani, na kila msimuliaji ana yake. Kwa mmoja ofisa alikuwa amejeruhiwa tayari. Kwa mwengine aliomba maji kwanza. Utotoni niliipenda. Nilipoanza kutunga mashairi, na kupata jina dogo nililonalo kwa mashairi ya amani, nikawa nalipita lile kasha kama mtu anayempita jirani waliyekosana.

Basi alitokea bwana mmoja wa Ulaya, mstaafu, aliyekuja Unguja kutembea. Alisikia khabari za ala kwa rafiki yetu wa pamoja, akaomba kuiona. Nakiri nilimpokea kwa kiburi. Nilimdhania ni katika wale wanaovipenda vita kwa sababu hawakuvipigana. Haikupita nusu saa kiburi kikanitoka. Aliomba maji akanawa mikono kabla ya kuigusa. Akaigeuza, akainusa, akaangalia mshono kwa kioo cha kukuzia, kisha akazima taa ya chumba na kuumulika uzi kwa kurunzi ndogo ya mwanga wa urujuani. Uzi wa siku hizi, alinieleza, hutiwa dawa ya kuung'arisha, na ukimulikwa hivyo humeremeta kama meno gizani. Uzi wa zamani hubaki kiza. Wa kwetu ulibaki kiza.

Kazi hii inastahiki heshima. Mwenye kuijua hakurupuki. Ala ile, alisema, ni ya bastola ya Kijapani iliyobuniwa na Nambu Kijirō, yenye kubeba risasi 8. Ameitambua kwa kifuniko chake kigumu kilichoviringana kama kombe la pwani, na kwa kijifuko cha ndani cha kuwekea kipini cha akiba, kile kinachogonga risasi, kwani vipini hivyo vilikuwa na tabia ya kuvunjika. Kisha akaniuliza naona imetengenezwa kwa nini. Nikasema ngozi. Akatabasamu. Haikuwa ngozi, ilikuwa turubai lililopakwa mpira. Vita viliporefuka ngozi ikawa adimu Japani, na mafundi wakashona ala kwa turubai. Siku zote ala imo nyumbani na sikuwahi kulijua hilo. Macho yangu yaliona ngozi kwa sababu hadithi ilisema ngozi.

Halafu alikuja kwenye tarehe, na hapo nilihisi niko nyumbani. Sisi tuliokulia baina ya mwaka wa Hijra na mwaka wa Miladia, ambao watunzi wetu wa kale walizoea kuufunga utenzi kwa kuutaja mwaka wake, hatushangai kuambiwa kwamba taifa jengine huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wake. Bastola hiyo huitwa Aina ya 14, kwa kuwa ilipokewa jeshini katika mwaka wa 14 wa enzi ya Taishō, yaani 1925. Enzi ya Shōwa ikaanza Disemba 1926, na bastola zilizotengenezwa humo huchapwa mwaka na mwezi wa Shōwa. Ukikuta 19.6 ubavuni mwake, ongeza 1925 juu ya 19, umepata Juni 1944. Asiyejua akiona "Aina ya 14" atahesabu kwa Shōwa na kusema 1939, na atakuwa amekosea kwa miaka kumi na minne. Kando ya tarehe huwapo alama ya karakana. Duara nne zilizopandana, mfano wa risasi za mizinga za duara zilizorundikwa, ni za Tokyo na baadaye Kokura. Alama ya Nagoya imetokana na wale samaki wa hekaya waliopamba paa la ngome ya mji huo.

Ndani ya kifuniko cha ala yetu mlikuwa na muhuri wa wino uliofifia. Aliusogeza dirishani akausoma taratibu: mwaka wa 20 wa Shōwa. "1945," akasema. Pembeni, kwa mkono wa mtu, mlikuwa na herufi mbili za Kijapani ambazo hakuweza kuzisoma. Alijua tu kwamba ni jina. Akafurahi sana.

Kabla sijaeleza furaha ile ilituletea nini, nataka nilipime kidogo swali la "wa wapi", maana nisilidharau. Vita vile vilikuwa na hila hata ya kuficha mahali chombo kilipozaliwa. Wajerumani waliziondolea silaha zao majina ya viwanda wakaweka tarakimu na herufi ili adui asijue kiwanda kipi kiko wapi na kinatoa kiasi gani. Mauser ikawa S/42, halafu 42, baadaye byf. Walther ikawa ac. Leo siri hiyo ya dola iko kichwani mwa kila mkusanyaji. Walakini ukishajua kwamba ac ni Walther, umejua nini? Walther ilikuwa na karakana kwenye kambi ya mateso ya Neuengamme, karibu na Hamburg, ambako wafungwa walilazimishwa kutengeneza sehemu za silaha. Chapa inalitaja shirika. Mkono ulioshika tupa haina herufi kwa ajili yake.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa bastola ya Kipolandi iitwayo Vis. Waliibuni Piotr Wilniewczyc na Jan Skrzypiński, ikatengenezwa katika kiwanda cha serikali mjini Radom, na zile za kabla ya vita zina tai wa Poland ubavuni. Mwaka 1939 Ujerumani ikaivamia nchi ile. Kiwanda kikawekwa chini ya Steyr ya Austria, na bastola zikaendelea kutoka kwa ajili ya jeshi la mvamizi. Tai wa Poland akaondolewa. Mahali pake pakaja maandishi P.35(p), ile p ya mabanoni ikimaanisha Kipolandi, pamoja na tai mdogo wa wakaguzi wa Kijerumani. Mitutu ilitengenezwa na kufungwa Austria, ili mfanyakazi wa Radom asipate kamwe kushika bastola iliyo kamili. Juu ya hayo wafanyakazi waliiba vipande na kuwapelekea wapiganaji wa chini kwa chini. Mambo yalipogundulika, mwezi wa Oktoba 1942, Wajerumani walinyonga watu hadharani, na baadhi yao walinyongwa mbele ya kiwanda hicho hicho. Sasa niambie, msomaji, bastola ya Radom ya mwaka 1942 ni ya wapi? Mkusanyaji ana jibu, na jibu lake ni sahihi: kipande hiki kimetoka hapa, kile kule, mkaguzi wake huyu. Yote kweli. Lakini ukiuliza ni ya nani, utawajibika kuanza na walionyongwa.

Wapokezi wa hadithi za Mtume hawakutosheka na maneno kufika. Waliuliza nani kasikia kwa nani, na huyo nani alikuwa mtu wa namna gani, mkweli au msahaulifu, na je, wawili hao walipata kuonana? Isnadi ni elimu ya watu kabla haijawa elimu ya maneno. Mimi niliyefasiri mashairi bila ya mwalimu, kwa kamusi na kwa kuomba msaada barazani, najua vizuri kishawishi cha kuruka kiungo kimoja ili mnyororo ufike. Wakusanyaji nao wana isnadi yao. Wao huambizana wanunue kitu, wasinunue hadithi, kwa kuwa hadithi haina muhuri. Hiyo ni nasaha njema. Ajabu ni kwamba hadithi ikishaandikwa kwenye karatasi na kutiwa saini na jamaa wa askari, hugeuka kuwa bidhaa nayo, na bei hupanda.

Ndilo aliloliomba yule bwana. Aliitaja bei ya ala, bei ya haki. Akasema kwa kuwa ina jina la mwenyewe, ataongeza. Na kwa kuwa mimi ni mwandishi, na ni mjukuu, kama nitaandika ukurasa mmoja kueleza jinsi babu alivyoipata, niutie saini, ataongeza tena. Jumla ingetosha kubadilisha mabati ya jiko la shangazi, ambalo linavuja. Nisimfanye bwana yule kuwa shetani. Hakuniomba niseme uongo. Aliomba niseme tunachokisema sisi wenyewe kila siku harusini.

Usiku nilikaa nianze kuandika. Mwenye kuandika ushahidi hutaka tarehe, basi nikafungua vyeti vya babu. Divisheni yake iliingia bonde la Kabaw Agosti 1944, mvua ikinyesha, katika njia ambazo magari yalizama kwenye tope na malaria ikawaangusha watu kabla ya risasi. Tarehe 2 Disemba ilichukua Kalewa. Likajengwa daraja juu ya mto Chindwin, likamalizika tarehe 10 Disemba, refu kuliko madaraja yote ya namna hiyo kwa wakati ule. Divisheni ikakabidhi mahali kwa wengine ikarudishwa India. Babu hakuvuka tena kwenda vitani. Na ala imeshonwa 1945. Ofisa wa Kabaw hawezi kuwa alivaa ala ambayo ilikuwa bado haijakatwa turubai lake.

Nilifurahi. Lazima niseme hivyo, kwa sababu furaha ile ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Nilisimama chumbani peke yangu nikacheka. Babu hakumuua mwenye ala hii. Yumkini aliinunua India akisubiri meli, baada ya Wajapani kusalimu amri Agosti 1945 na vifaa vyao kukusanywa na kuzagaa mikononi mwa askari. Yumkini aliibadilisha kwa sigara. Kisha aliporudi nyumbani watoto walimwuliza umeipata wapi, na mtoto hataki kusikia kwamba kitu kimepatikana kwa sigara.

Furaha ikaanza kunitia shaka kabla ya alfajiri. Ni nani aliyeniambia kwamba babu amesafika? Tarehe imemwondolea mtu mmoja. Alikuwa askari mwenye bunduki katika divisheni iliyopigana miezi minne, na ofisa wa kichakani anaweza kuwa alikuwapo kweli, akafa kweli, pasina ala. Kilichovunjika ni uhusiano wa kitu na tendo. Tendo lenyewe muhuri haukulithibitisha na haukulifuta. Mimi niliisoma tarehe kama hukumu ya kuachiwa huru kwa sababu nilikuwa nikiisubiri hukumu hiyo tangu ujana. Na iwapo muhuri ungesema 1943, je, ningeupeleka mbio hivyo hivyo kwenye hitimisho? Naogopa ningesema wino umefifia.

Tunatafuta asili ya vitu ili tujue, ama ili tutakasike? Swali hili halinihusu mimi peke yangu. Binamu zangu waliposikia walikasirika, na sikuwaona kuwa ni watu wapendao damu. Babu yetu alipigana kwa mshahara mdogo kuliko wa askari wa Kizungu aliyesimama kando yake, katika vita ambavyo hakushauriwa. Ala ile ndicho kitu pekee mkononi mwao kinachosema kwamba alikuwapo kule kama mtu aliyetenda, si kama mzigo uliosafirishwa. Wao waliitaka hadithi iwe kweli ili babu awe mkubwa, na mimi niliitaka iwe uongo ili babu awe mwema. Baina yetu sote hakuna aliyemwuliza yule mwenye jina.

Aliyemwuliza ni msichana wa Kijapani, mwanafunzi kutoka Osaka, ambako Kiswahili kimesomeshwa kwa miaka mingi, aliyekuja kisiwani kujinoa lugha. Nilimwonesha picha ya zile herufi mbili. Hakuzisoma papo hapo. Aliniuliza kwanza: "Huyu alikuwa nani, mwalimu?" Nikamwambia sijui. Akaniambia ni jina la ukoo tu, tena la kawaida, bila jina la mtu mwenyewe wala kikosi, sawa na mtu kuandika Juma akaishia hapo. Halafu akasema jambo lililonigusa kama mfasiri: herufi hizo hizo zaweza kutamkwa kwa namna mbili, na mbali ya wenyewe hakuna awezaye kuapa ni ipi. Nilimwuliza kama tunaweza kuirudisha kwao. Akanieleza kwamba bendera za askari, zilizojaa saini za jamaa na majirani, hurudishwa. Ipo jumuiya Marekani, OBON Society, ambayo imerudisha mamia. Ala yenye jina la ukoo la kawaida haina mlango wa kubisha.

Kule Taukkyan, karibu na Yangon, kuna nguzo zilizochongwa majina ya wanajeshi kiasi cha 27,000 wa upande wa Waingereza ambao makaburi yao hayajulikani, wakiwamo askari wa Afrika. Wale wana majina, lakini hawana mahali. Huyu wetu jina lake lina mahali, nalo ni kasha la bikizee wa Unguja, na sijui kama alikufa au alirudi kwao akazeeka akipanda mpunga. Jina lake silitaji hapa, maana sikupewa idhini na mtu yeyote mwenye haki ya kuitoa.

Nilimwandikia yule bwana kwamba ukurasa sitauandika, na nikampa hesabu ya tarehe. Alijibu kwa adabu, akanishukuru, akasema ataichukua bila ya ukurasa kwa ile bei ya mwanzo. Nikamwambia mwenye mali ni shangazi, ngoja nimwulize.

Nilikwenda baada ya laasiri. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza yote, bonde, daraja, mwaka wa 20, turubai. Nilisema polepole kwa kuogopa kumuumiza. Alinisikiliza huku akichambua mchele, asiinue uso. Nilipomaliza akaniuliza:

"Na huyo mwenye jina, alirudi kwao?"

"Hatujui, shangazi."

"Jina lake nani?"

Nikamweleza kwamba linasomeka kwa namna mbili. Akafikiri. Akasema bwana wa Ulaya asirudi tena kwa ajili ya hiyo, mabati atayanunua mwanawe akipata, na yule msichana nimlete siku moja ale. Kisha akaniagiza niliandike jina kwa herufi zetu, ili atakayefungua kasha baada yake asione mchoro tu. Nilichana kipande cha karatasi kwenye daftari langu, nikayaandika matamshi yote mawili, moja chini ya jengine, nikakikunja kikaingia kwenye kile kijifuko cha ndani kilichoshonwa kwa ajili ya kipini cha akiba. Shangazi akaifunga ala kwenye kanga yake, akarudi kwenye mchele.